Aliyesikia Naye Aseme

Kwetu Kanja, juu ya Runyenjes, mahali kahawa inapoishia na majani chai yanapoanza kupanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, hadithi zilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza inajulikana kote Embu na Mbeere, hata kwa majirani zetu wa Chuka na Meru: hazitolewi mchana. Mchana ni wa jembe na mbuzi. Ya pili sijaiona ikiandikwa sana vitabuni, lakini nililelewa nayo: aliyesikia naye aseme. Ukiota moto wa shosho, yaani bibi, ukala kiazi chake kilichochomwa jivuni, ukasikiliza hadithi yake mpaka mwisho, hukuondoka hivi hivi. Ulitega kitendawili, au ulieleza yaliyokupata mtoni siku hiyo, au ulisema kwa nini asubuhi ulikuwa unalia. Mgeni aliyelala kwetu akielekea Chuka alidaiwa zaidi ya sisi sote, kwani yeye ndiye tuliyekuwa hatumjui.

Nimestaafu ualimu wa Kiswahili, na siku hizi naalikwa hapa na pale na wanafunzi wa chuo kikuu wanaoandaa jioni za kusimuliana maisha yao. Wanasema ni njia ya kuwafanya watu waliotoka kaunti mbalimbali wawe jamii moja. Naenda, nakaa mstari wa mbele wanakokalisha wazee, nasikiliza. Nia yao ni njema. Ila wanapozungumza kana kwamba jambo hili lilizaliwa pamoja na maikrofoni na taa za rangi, subira yangu hukatika. Lina historia ndefu upande huu wa mlima, wala si historia safi. Kuna wakati liliwafanya wageni wakawa ndugu, na kuna wakati liliwapeleka watu kizuizini.

Waingereza waliitwaa Embu mwaka 1906. Mwaka 1910 wamishonari wa Church Missionary Society, wakiongozwa na Daktari Crawford, walifungua kituo Kigari, na hapo ndipo palipokuja kuwa na Chuo cha Ualimu cha St. Mark's. Kabla yao kijana wa Embu alikuwa na chuo chake, nacho ni nthuke, rika la waliotahiriwa pamoja. Watu wa nthuke moja hawakuhitaji kujieleza. Walikwisha kuonana katika baridi na maumivu, kila mmoja akijua nani alikaza meno na nani alipepesa macho. Mabweni ya wamishonari yalileta jambo geni: vijana wa vilima tofauti, wa marika tofauti, wengine waliotoroka nyumbani ili wasome, wamelazwa safu moja na kuunganishwa na kengele na kitabu tu. Hao ilibidi waambiane wao ni nani.

Mgogoro wa 1929 na 1930 kati ya wamishonari na wenyeji kuhusu tohara ya wasichana uliwatoa wengi kanisani, wakaanza kujenga shule zao huru. Chuo cha walimu wa shule hizo, kule Githunguri, kilifunguliwa 1939 chini ya Mbiyu Koinange, na marika yalichanga fedha za majengo yakishindana. Napenda kuwakumbusha vijana jambo hilo. Chuo cha kwanza cha Waafrika kujijengea wenyewe katika sehemu hizi kilichangiwa na watu waliokwisha kuwa jamii kabla hata jiwe moja halijawekwa. Siku hizi tunajenga kwanza, kisha tunatafuta jamii ya kuingiza ndani.

Wakati huohuo upepo mwingine ulikuwa unavuma kutoka Rwanda. Uamsho ulioanzia Gahini ulipita Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, na watu wake tukawaita kwa wimbo wao, Watukutendereza. Ibada yao ilisimama juu ya ushuhuda. Mtu aliinuka mbele ya wenzake akataja dhambi zake kwa majina, wenzake wakaimba, kisha mwingine akainuka. Hawakujali nani ni mchungaji na nani ni mfagiaji, nani Mwembu na nani Mganda. Nguvu yake ilionekana vyuoni mapema. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 akiwemo William Nagenda walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na kuhubiri kwao. Mtu anayetaka kujua kama masimulizi ya maisha yanaweza kuunda jamii chuoni aanzie hapo: walipofukuzwa hawakutawanyika. Vikundi vya Kikristo vilivyojaa katika vyuo vyetu leo, ambako mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husimama akaeleza alivyookoka, vimerithi mengi kutoka kwa watu wale.

Mama yangu aliokoka miaka ya 1940, kwa hiyo nimesikia ushuhuda mwingi kuliko hadithi za Sungura na Fisi. Nilichopenda ni zamu: hakuna aliyebaki akiwa msikilizaji tu mwaka baada ya mwaka. Nilichoona mapema, hata nikiwa mtoto, ni kwamba ushuhuda ulikuwa na mwendo wake, na asiye na dhambi kubwa alijiona ana upungufu. Kuna wanaume wa Kanja waliokiri pombe ambayo kila mtu alijua hawakuwahi kuwa na pesa za kuinunua.

Kisha ikaja Hali ya Hatari.

Ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, nami nilizaliwa ndani yake, katika kijiji cha dharura, baada ya watu wa vilima vyetu kuondolewa makwao mwaka 1954 na 1955 wakarundikwa pamoja ndani ya ua chini ya mnara wa walinzi. Chini ya msitu ulichimbwa mtaro mrefu uliotiwa miti iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wa Mau Mau wasishuke na chakula kisipande. Wanawake ndio waliochimba sehemu kubwa. Mama alikuwa na mimi tumboni, kisha mgongoni. Alipokuwa akizeeka alinieleza kwamba jioni zile nyumba zilikuwa karibu kiasi kwamba ungeweza kumsikia jirani akigeuza mwiko, lakini hazikuwa na hadithi. Yaani hadithi za wanyama zilikuwepo, tena nyingi. Fisi hana kesi. Kilichokufa ni ile habari ya "leo mtoni nilimwona fulani". Mlinzi akipita nje, habari ya aina hiyo ilitosha kumpoteza mtu.

Serikali yenyewe, kwa upande wake, ilitaka masimulizi kuliko wakati mwingine wowote. Kulikuwa na skrini, kama watu walivyoiita: unakalishwa, unaulizwa ulikula kiapo wapi, nani alikulisha, nani alikuwa nyuma yako mstarini. Waliokataa walipelekwa mbali, na waliorudishwa hatua kwa hatua walipitia kambi za Mwea, ambako wakati huo kulikuwa ndani ya Wilaya ya Embu, wakichimba mifereji ya mashamba ambayo leo tunakula mchele wake. Huko mwaka 1957 ukatili wa kuwalazimisha watu kukiri ulipangwa rasmi. Mtu alieleza maisha yake mbele ya watu, naam, na ilikuwa jioni, na kulikuwa na duara. Hakuna aliyetoka pale akiwa na ndugu mpya. Waliorudi Kanja walikaa kimya kwa miaka. Wengine walikufa hivyo, wakazikwa na watoto wasiojua baba zao walikuwa wapi kati ya 1953 na 1959.

Ninalisema hili kwa sababu vijana wanadhani kusimulia ni jambo jema kwa asili yake. Mimi sidhani. Ninavyoiona historia ya huku kwetu, kusimulia maisha yako kumewaunganisha watu mahali ambapo msikilizaji naye alidaiwa, na mahali ambapo ungeweza kusema "leo sina" ukaachwa. Yakikosekana hayo mawili, ni skrini, hata kama kuna chai na mandazi.

Niliingia Kenyatta University College mwaka 1976. Wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, nje kidogo ya mji, mahali paitwapo Kahawa. Kabla ya kuwa chuo palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, iliyokabidhiwa serikali ya Kenya baada ya Uhuru na kugeuzwa chuo mwaka 1965. Fikiria basi. Mtoto aliyezaliwa kijiji cha dharura analala katika nyumba za askari. Sikulifikiria sana siku za kwanza. Nilikuwa na shughuli ya kushangaa kwamba maji ya moto yanatoka ukutani.

Chumbani tulikuwa wasichana kutoka pande ambazo hazikuwa zimewahi kukutana: mmoja wa Taita, mmoja wa Kakamega, na mimi. Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani na Kiswahili cha mwenzetu wa Taita kilituaibisha. Wiki za mwanzo tuliongea kuhusu sabuni na ratiba. Usiku mmoja umeme ulikatika, na huyo wa Taita, labda kwa kuogopa giza, akaanza kutueleza jinsi tembo walivyoingia shambani kwao wakala mahindi yote mwaka aliofanya mtihani, na jinsi baba yake alivyouza baiskeli ili yeye aendelee na shule. Alipomaliza, nilijikuta nimeshaanza ya kwangu kabla sijajua kama nataka. Ilikuwa adabu ya kwetu tu, ulimi ukikumbuka deni. Wa Kakamega alisema amechoka. Tulimwacha. Alikaa muda mrefu bila kusema, na usiku aliosema, alisema mpaka alfajiri. Hao wawili, mmoja ameshafariki. Wa pili alisimama nami siku ya kuozesha binti yangu, kwenye mstari wa akina shangazi, na hakuna aliyeuliza ni wa ukoo gani.

Mambo hayo hayakutokea chumbani tu. Darasani kulikuwa na kishindo kilichoanza kabla yetu. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya University College, Nairobi, ivunjwe, na fasihi ya Afrika, ikiwemo ya mdomo, iwekwe katikati. Wengi hukumbuka waraka huo kwa hasira zake. Mimi naukumbuka kwa kazi za likizo ulizotuletea: nenda nyumbani, tafuta mzee, sikiliza, andika. Mwaka 1972 Taban alikuwa ameshatoa kitabu, Popular Culture of East Africa, kilichotokana na vitu wanafunzi walivyokusanya makwao. Hata upande wa historia mambo yalikuwa hayo hayo. Mwana wa Embu, H. S. K. Mwaniki, alizunguka akihoji wazee wetu, akachapisha The Living History of Embu and Mbeere mwaka 1973 na Embu Historical Texts mwaka uliofuata. Kwa mara ya kwanza jina la mzee wa kilimani lilikaa kitabuni kama mwenye maneno, wala si kama mtuhumiwa kwenye jalada.

Nami nilitumwa. Nilishuka Runyenjes Desemba moja nikiwa na redio ya kaseti niliyoazima, nikapanda Kanja kwa miguu kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara, na kesho yake nikaenda kwa jirani yetu, mzee aliyejulikana kwa hadithi. Alitazama ile redio. Akatazama karatasi zangu.

"Nani amekutuma?"

"Mwalimu, guka."

"Na mwalimu ametumwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia kwamba zamani alishawahi kutembelewa na kijana wa nyumbani, mwenye karatasi, anayeuliza kwa upole, na kwamba upole wa yule kijana ulimgharimu miaka mitano. Nikawa nainuka. Akaniuliza, nikiwa mlangoni, huko ninakosomea nalala wapi.

"Kahawa."

"Kahawa ya kuchuma au Kahawa ya askari?"

Nikakaa tena. Nikamwambia juu ya nyumba za askari, vyumba vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka, uwanja wa gwaride ambao sasa wasichana wanapita na vitabu. Alitaka kujua kila kitu: kama milango ingali ya chuma, kama kuna mtu anayepiga tarumbeta asubuhi. Nikamweleza juu ya tembo wa Taita na baiskeli. Alicheka ile baiskeli, kisha akanyamaza, kisha akasema kwamba yeye naye aliuza kitu ili mwanawe asome, ila si baiskeli. Redio niliiwasha akiwa ameshafika katikati. Mwenyewe ndiye aliyeniambia niiwashe.

Nilipata alama nzuri kwa kazi ile. Lakini chenye thamani zaidi kilikuja Januari, tuliporudi chuoni kila mmoja na kaseti yake. Mwalimu alitaka uchambuzi wa wahusika na mtindo. Sisi jioni tulitaka kusikia sauti za wazee wa wenzetu. Tulijaa chumba kimoja, Waluo, Wakamba, Wamijikenda, tukisikiliza lugha tusizozijua, na mwenye kaseti akitufasiria. Kila kaseti, isipokuwa yangu, ilianza na sauti ya mwanafunzi akihojiwa na mzee. Ukoo gani? Babako nani? Umeolewa? Kwa nini hujaolewa? Tulikufa kwa kicheko, kwani wazee wa Kenya nzima, bila kuonana, walikuwa wameamua kwamba hawasemi mpaka waambiwe.

Sitakuwa mkweli nikiacha picha ya raha peke yake. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ huko Limuru, ambacho nacho kilikuwa kijiji cha dharura, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na wafanyakazi, na watu hao wakausahihisha na kuujaza mambo ya maisha yao wenyewe. Ulifunguliwa Oktoba, Novemba kibali kikaondolewa, siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Tuliporudi chuoni mwaka 1978 watu walikuwa wameanza kupima maneno. Ilisemekana kuna wanafunzi wanaolipwa kusikiliza. Sijui kama ilikuwa kweli kwa bweni letu, na haikuwa lazima iwe kweli: msikilizaji mmoja tu asiyelipa deni lake, au anayedhaniwa hivyo, anatosha kuzima chumba kizima. Tukarudi kwa Fisi.

Miaka ya 1980 niliiona kutoka upande wa pili, nikiwa mwalimu huku nyumbani. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na vyuo vikuu vilikuja kufungwa tena mara nyingi. Wanafunzi walirudishwa makwao na kuamriwa kuripoti kwa chifu. Utawala ulidhani unawatawanya. Kumbe ulikuwa unawaita mahali pamoja. Nilipita ofisi ya chifu nikakuta benchi limejaa: wa udaktari, wa sheria, wa kilimo, vijana wa kata moja ambao huko Nairobi walikuwa hawajuani kwa sababu kila mmoja alilala kampasi yake. Hapo benchini, wakisubiri muhuri, waliambiana yaliyowapata: nani alipigwa, nani alitembea kwa miguu mpaka Thika, nani alificha kitambulisho ndani ya kiatu. Chifu mwenyewe, ambaye mtoto wake alikuwa miongoni mwao, alitoka siku moja akasimama mlangoni muda mrefu kuliko kazi ya muhuri ilivyohitaji. Wengi wa benchi lile ndio waliokuja kuanzisha mfuko wa karo wa wanafunzi wa eneo letu, na baadhi yao bado hukutana Desemba.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985, fasihi simulizi ilipata kiti chake katika silabasi ya sekondari. Nilifurahi, kisha nikasikitika kidogo. Ilikuja na vipengele: sifa za mtambaji, fomyula ya ufunguzi, mbinu za kukusanya data nyanjani, faida na hasara za kila mbinu. Wanafunzi walijua kuorodhesha hasara saba za hojaji bila kumhoji mtu yeyote. Niliwatuma nyanjani mara nyingi kadiri ratiba ilivyoniruhusu, na nyanjani kwetu ni kituo cha kununulia majani chai, ambako watu hukaa na vikapu mgongoni wakisubiri lori la kiwanda. Huko kuna kila mtu na kuna muda mwingi. Ciarunji Chesaina alipotoa Oral Literature of the Embu and Mbeere mwaka 1997, nilipata kitu cha kuwawekea mikononi, wakaona kwamba maneno ya jikoni kwao yanaweza kupigwa chapa na kuuzwa dukani. Mvulana mmoja aliniuliza kama shosho wake naye atalipwa. Swali zuri sana, na bado sijasikia likijibiwa.

Chuo kikuu kilitufikia nyumbani mwaka 2011, pale chuo cha zamani cha kufunzia maofisa wa kilimo mjini Embu kilipogeuzwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Oktoba 2016 kikapewa hati yake, kikawa Chuo Kikuu cha Embu. Leo matatu za kutoka Kanja zinawabeba vijana wanaosoma humo na kurudi kulala kwao, na zinawabeba pia wageni, kwani wanafunzi wanapangiwa kutoka kila kona ya nchi: Turkana, Kwale, Kisii, Mandera. Wanaitana komredi. Wana vyama vya watu wa kaunti moja, ambavyo ni msaada msibani na ni balaa wakati wa uchaguzi wa wanafunzi. Wana vikundi vya Biblia na vikundi vya Kiislamu. Wana pia muguka wetu wa Mbeere, yale majani ya kutafuna, na tusidanganyane, mazungumzo mengi ya kweli ya vijana wa kiume hufanyika mashavu yakiwa yamejaa.

Jioni za kusimulia ndizo wanazoniitia. Nimehudhuria zilizopangwa vizuri na zilizopangwa vibaya, na nimekuja kupenda zilizopangwa vibaya. Zile nzuri zina jukwaa. Kijana anapanda, anaeleza jinsi alivyokua bila mama, sauti inamtetemeka, ukumbi unapiga makofi, simu mia moja zinanasa, kisha anashuka na kukaa peke yake. Anayefuata anapanda na yake, ambayo inabidi iwe nzito zaidi. Nimewahi kumfuata msichana mmoja nje baada ya makofi hayo. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, akiangalia simu, anasoma waliyoyaandika watu ambao hakuwajua. Waliokuwa ukumbini wote sasa walijua jambo lililomuuma kuliko yote, na yeye hakujua hata jina la aliyekuwa amekaa mbele yake.

Zile mbaya ni kama ile iliyofanyika maikrofoni ilipoharibika. Watu walikuwa wachache, mvua ilikuwa inapiga bati, wakavuta viti wakakaa karibu ili wasikilizane. Kijana wa Kwale alieleza habari za babu yake mgema. Wa Kisii akamkatiza akauliza, mnazi ukiuawa na wadudu mnafanyaje. Kijana wa hapa Kyeni akaeleza jinsi mbuni wa baba yake ulivyong'olewa bei ya kahawa ilipoporomoka, na mama yake akaulilia mti kama anavyoliliwa mtu. Ikaenda hivyo mpaka mlinzi akaja kufunga. Mmoja alikuwa amesema anapita, na walimpita.

Nilipoambiwa nitoe maoni niliwapa lile la jikoni, kwa kuwa sina jingine: punguzeni jukwaa, ongezeni zamu, na anayetaka kupita apite. Viongozi wao waliandika kwenye daftari kwa adabu. Muhula uliofuata maikrofoni ilikuwa mpya.

Lakini wapo walioelewa, hasa wale wanaotumwa vilimani kwa kazi za utafiti. Wanapanda Kanja Jumamosi, wawili wawili, viatu vimejaa matope mekundu, na wazee waliobaki bado wanawauliza kabla ya kuulizwa. Nimewasikia vijana wa Turkana wakieleza bei ya ngamia kwa mabibi wanaochuma majani chai, na mabibi wakipinga bei hiyo. Wanarekodi kwa simu saa nzima, saa mbili. Kaseti yangu ya 1976 ningali nayo, ingawa hakuna cha kuichezea. Juzi nilimwuliza mmoja wao zile sauti za wazee alizokusanya mwaka jana ziko wapi, nikidhani atanitajia maktaba. Akanionyesha simu mpya. Zilikuwa kwenye ile ya zamani, akasema, na ile ya zamani aliiuza pale stendi ya Embu, pamoja na chaja, kwa bei ambayo alikuwa bado anajivunia.